AFYA NA NYUMBA: Friji ya Gesi Inapokataa Kuwaka

Mwezi huu tunaingia katika jambo ambalo wengi wetu tumezoea kuwaachia akina baba na mafundi, yaani friji inayotumia gesi, na kile kidude kidogo kinachoiwasha.

Huenda mama mwingine akasema, "Mimi sina friji ya gesi, ukurasa huu haunihusu." Subiri kidogo, mama. Kiwashio cha friji hiyo ni ndugu wa kiwashio cha jiko la gesi. Na majiko hayo yanaongezeka majumbani mwetu. Mwaka 2024 Serikali ya Tanzania ilizindua mkakati wa miaka kumi wa nishati safi ya kupikia, kwa lengo kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya wananchi wawe wanatumia nishati hiyo. Kwa hiyo ukijua namna ya kukagua kiwashio cha friji, umejua pia cha jikoni kwako.

KWA NINI TUMELICHAGUA JAMBO HILI

Kikundi chetu cha wanawake kanisani kina gari la zamani lililotolewa na usharika rafiki wa Ujerumani. Ni gari la aina ile ambayo Wazungu huitumia kwa likizo: lina vitanda viwili, jiko la mafiga mawili, na friji ndogo inayotumia gesi ya mtungi. Kwa gari hilo tunakwenda vijijini siku nane au kumi, tukifundisha akina mama malezi ya watoto, lishe na Neno la Mungu.

Mwalimu wetu mkuu katika safari hizo ni mama mwenye ugonjwa wa kisukari. Anajidunga insulini asubuhi na jioni. Insulini ambayo haijafunguliwa inatakiwa kukaa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Ndani ya gari lililosimama juani joto hupita nyuzi 40, na insulini iliyopata joto hilo huharibika. Kwa macho huwezi kuitambua kila mara, lakini sukari ya mgonjwa itapanda ingawa anajidunga kama kawaida.

Basi mwaka mmoja, wiki tatu kabla ya safari, friji ile ikakataa kuwaka. Kitufe kinabonyezwa, hakuna moto. Fundi mmoja aliitazama kwa nje tu, akasema imekufa, tutafute nyingine. Bei ya friji mpya ya namna hiyo ilikuwa kubwa kuliko fedha zote za safari. Kamati ikakaa, na wengine wakapendekeza mama huyo abaki nyumbani mara hii.

Mwenyewe hakulalamika. Alisema, "Jamani, mimi nisiwe mzigo kwenu. Nendeni tu, nitawaombea."

Bibi mmoja, mkubwa wetu kwa umri, akamjibu, "Mwanangu, wewe ndiye mwalimu. Tukikuacha, tunakwenda kufundisha nini? Kwanza hiyo friji ifunguliwe tuone ina nini."

Ikafunguliwa. Tulimwita fundi mwingine, kijana anayetengeneza majiko ya gesi sokoni, tukasimama naye kila hatua tukiuliza maswali. Kilichokuwa kimeharibika kilikuwa kipande kimoja cha kauri chenye urefu wa kidole, pamoja na utando wa buibui. Bei ya kipande hicho haikufika bei ya kuku wawili. Mama yetu alisafiri.

Tangu hapo tumeona kwamba elimu hii si ya kukaa nayo peke yetu.

FRIJI ISIYO NA MOTA

Akina mama wengi hushangaa wakisikia kwamba moto unaweza kutengeneza baridi. Friji ya umeme tuliyoizoea ina mota inayonguruma. Friji ya gesi haina mota. Imenyamaza kama mtungi wa maji. Nyuma yake kuna mabomba ya chuma yaliyofungwa kabisa, na ndani yake mna maji, amonia na haidrojeni. Moto mdogo huchemsha maji yenye amonia. Amonia hutoka kama mvuke, hupanda juu, hupoa ikawa majimaji, kisha hushuka mahali penye haidrojeni na kugeuka tena kuwa mvuke. Inapogeuka hivyo huvuta joto kutoka ndani ya friji, kama vile spiriti inavyokupoza ngozi kabla ya sindano. Halafu amonia hunywewa tena na maji, na safari huanza upya.

Waliobuni mtindo huu ni wanafunzi wawili wa Sweden, Baltzar von Platen na Carl Munters, mwaka 1922 huko Stockholm. Kampuni ya Electrolux ilianza kuzitengeneza kwa ajili ya kuuza mwaka 1925. Friji za ukoo huu, zilizotumia mafuta ya taa au gesi, zilihudumia nyumba za misheni na zahanati nyingi za vijijini kwa miaka mingi. Sisi wauguzi tulizijua vizuri, kwa sababu chanjo za watoto zilikaa humo. Siku hizi chanjo zimehamia kwa wingi kwenye friji za umeme wa jua, ambazo hutunza ubaridi kwa uhakika zaidi. Lakini friji ya gesi bado ina kazi yake katika magari ya safari, kambi na nyumba zilizo mbali na nguzo za umeme.

CHECHE INATOKA WAPI?

Kama moto mdogo ndio uhai wa friji hii, basi cheche ndiyo mwanzo wa moto huo. Katika friji nyingi za zamani kuna kitufe mbele. Ukikibonyeza unasikia "tak!" Ndani yake mna spring'i na nyundo ndogo inayogonga kipande cha jiwe maalumu. Jiwe hilo likigongwa hutoa umeme wa maelfu ya volti kwa kitambo kifupi mno, bila betri wala waya wa ukutani. Ajabu hiyo iligunduliwa mwaka 1880 na ndugu wawili wa Ufaransa, Pierre na Jacques Curie. Huyo Pierre ndiye aliyekuja kuwa mume wa Marie Curie, mama aliyegundua radiamu pamoja na mumewe. Mafundi huita kiwashio hiki piezo.

Umeme huo hupita kwenye waya mmoja hadi kwenye ncha ya chuma iliyovikwa kauri nyeupe, karibu na kichomeo cha gesi. Hapo huruka kutoka kwenye ncha kwenda kwenye chuma cha kichomeo. Mruko huo ndio cheche.

Friji nyingi za miaka ya karibuni hazina kitufe cha kugonga. Zinatumia umeme wa betri ya gari wa volti 12, na hulia "tik-tik-tik" zenyewe mpaka moto ushike. Ikiwa yako ni ya namna hiyo na imenyamaza kabisa, kwanza tazama betri na fyuzi.

KABLA YA KUGUSA CHOCHOTE

Sisi tulio hospitalini hatumgusi mgonjwa kabla ya kunawa mikono. Na hapa pia pana kunawa kwake.

Kwanza, washa jiko la gesi lililo katika mtungi huohuo. Likiwaka vizuri, gesi ipo na inafika. Likikataa, huenda mtungi umekwisha au vali imefungwa, na kiwashio hakina kosa.

Pili, zima jiko na funga mtungi kabisa. Fungua milango na madirisha. Ngoja angalau dakika kumi, ili gesi iliyobaki itawanyike na vyuma vipoe.

Tatu, kumbuka kwamba gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Haipandi darini, bali hutambaa chini na kukaa sakafuni, mahali ambapo watoto hucheza na kulala. Gesi yenyewe haina harufu. Viwandani huongezewa harufu mbaya kwa makusudi ili tuitambue. Ukisikia harufu hiyo usiwashe taa, usizime taa, usiwashe kiberiti. Funga mtungi kama unaweza kuufikia, toa watoto nje, acha milango wazi.

Nne, watoto wasiwepo karibu, na pasiwe na moto wowote, hata sigara ya shemeji aliyekuja kutazama.

HATUA KWA HATUA

Vifaa ni vichache: bisibisi, tochi, mswaki wa zamani uliokauka, kitambaa kisicho na mafuta, na maji ya sabuni kwenye bakuli. Katika gari, kichomeo hufikiwa kwa nje, kupitia dirisha dogo lenye mbavu lililo ubavuni mwa gari kwa chini. Katika friji ya nyumbani kiko nyuma kwa chini, au nyuma ya kibao kidogo cha bati.

1. Sikiliza. Mtungi ukiwa umefungwa, bonyeza kitufe. Kama husikii mgongo, au kitufe kimelegea na hakirudi, spring'i yake imevunjika. Kitufe kizima hubadilishwa, hakifunguliwi ndani.

2. Tazama. Jambo hili hufanyika vizuri jioni giza linapoingia. Mmoja abonyeze, mwingine atazame kichomeo. Cheche nzuri ni ya rangi ya samawati inayokaribia weupe, na huruka kutoka kwenye ncha kwenda kwenye kichomeo. Ukiona cheche inaruka mahali pengine, kwa mfano katikati ya waya au ubavuni mwa kauri, umeshapata ugonjwa: umeme unavuja njiani kabla haujafika.

3. Kagua waya. Mara nyingi waya umechomoka tu kwa mtikisiko wa barabara. Usukume mpaka ukae. Tazama kama una kutu kwenye kiungo, au kama ganda lake limechubuka na kugusa bati. Waya uliochubuka hubadilishwa. Usiuzungushie plasta ya jeraha wala nailoni, maana upo karibu na moto.

4. Kagua kauri. Ifute taratibu kwa kitambaa kikavu, uimulike kwa tochi pande zote. Ufa mwembamba kama unywele unatosha kuiharibu. Kauri iliyopasuka haigundishwi, hubadilishwa. Huu ndio ugonjwa uliokuwa katika gari letu.

5. Pima nafasi. Kati ya ncha ya cheche na kichomeo panatakiwa nafasi ya milimita 3 hadi 5 katika friji nyingi. Penseli ya mwanafunzi ina unene wa milimita 7 hivi, basi fikiria nusu ya penseli. Nafasi ikiwa kubwa, cheche haifiki. Ikiwa ndogo sana, cheche ni fupi na gesi haiishiki. Kijitabu cha friji yako kikitaja kipimo chake, fuata hicho. Ukirekebisha, legeza skrubu na sogeza kishikio cha chuma. Usiikunje kauri, itakatika mkononi.

6. Safisha. Masizi na kutu hudondoka kutoka kwenye dohani na kutua juu ya kichomeo. Buibui nao hupenda kujenga katika mirija ya gesi wakati friji haitumiki. Piga mswaki mkavu polepole na toa utando wote. Lakini kile kitundu kidogo kinachotoa gesi usikichokonoe kwa sindano wala kwa waya. Kimetobolewa kwa kipimo halisi. Kikitanuka, gesi inatoka nyingi kupita kiasi na moto unakuwa mchafu. Kama kimeziba, mwachie fundi akifungue na kukiosha kwa spiriti.

7. Badilisha kilichokufa. Chukua kipande cha zamani uende nacho dukani, usieleze kwa mdomo tu. Viwashio vingi vya piezo hufanana, lakini urefu wa kauri na upana wa tundu la skrubu hutofautiana.

8. Jaribu tena cheche kabla ya kufungua gesi. Ikiwa nzuri, fungua mtungi, kisha paka maji ya sabuni kwenye kila kiungo ulichokigusa au kilichotikiswa. Povu likitoa vipovu vinavyokua, gesi inavuja: funga mtungi, usiwashe kitu. Usitafute uvujaji kwa njiti ya kiberiti, hata kama umemwona fundi akifanya hivyo.

9. Washa. Zungusha kitasa cha gesi, kibonyeze na kukishikilia, huku ukibonyeza kiwashio mara kadhaa. Baada ya kufungua mtungi mpya hewa hutangulia katika mabomba, kwa hiyo subira inahitajika. Moto ukishika, endelea kushikilia kitasa sekunde 15 hadi 30, ndipo uachie taratibu. Usipowaka, funga, ngoja dakika tano, ndipo ujaribu tena. Kubonyezabonyeza huku gesi inatoka ni kujaza gesi ndani ya sanduku na kuitafutia mlipuko.

MOTO UNAOZIMIKA UKIACHIA KITASA

Mama mmoja alituuliza: kiwashio kinafanya kazi, moto unashika, lakini akiachia kitasa tu unazimika. Hapo kiwashio hakina hatia. Karibu na moto kuna kijiti cha chuma kiitwacho themokapo. Kikipata joto hutoa umeme mdogo mno, ambao hushikilia vali ya gesi ibaki wazi. Moto ukizimwa na upepo, kijiti hupoa na vali hujifunga yenyewe. Huyo ni mlinzi wa nyumba yako. Kama ncha yake imefunikwa na masizi, au imesogea nje ya moto, vali hujifunga ingawa moto upo. Ifute na uirudishe mahali pake. Ikiendelea, ibadilishwe na fundi. Kamwe usikubali fundi aifunge vali kwa waya ili "isikusumbue". Wako mafundi wafanyao hivyo. Ni sawa na kumnyamazisha mlinzi kwa kumfunga kamba.

JE, KIBERITI HAKITOSHI?

Wapo wanaosema, "Kwa nini tuhangaike? Tuwashe kwa kiberiti." Friji nyingine za zamani ziliruhusu hivyo, na kijitabu chake husema. Hapo kanuni ni moja: njiti iwake kwanza, gesi ifuate. Anayefungua gesi kwanza kisha akatafuta kiberiti mfukoni anajiandalia kuungua uso. Lakini katika magari mengi kichomeo kimefungiwa ndani ya sanduku la bati, na kulazimisha njiti iingie humo ni hatari. Kiberiti kisiwe sababu ya kuahirisha matengenezo mwezi baada ya mwezi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

MAMBO YA KUMWACHIA FUNDI

Ujasiri ni mzuri, lakini una mpaka. Usifungue mabomba ya nyuma ya friji kwa hali yoyote. Ukisikia harufu kali ya amonia, ile inayochoma pua na kutoa machozi, au ukaona unga wa njano kwenye mabomba, mfumo wa baridi umetoboka. Zima, toa watu nje, usiuguse unga huo kwa mikono mitupu, kwa sababu ni sumu. Friji hiyo haitengenezwi kwa bisibisi ya nyumbani. Vilevile kubadilisha mabomba ya gesi, regyuleta, au nozeli ni kazi ya mwenye ujuzi.

SUMU ISIYO NA HARUFU

Sasa tunakuja kwenye jambo ambalo kama wauguzi hatuwezi kulipita. Moto wa gesi ulio mzima ni wa samawati na umetulia. Ukiwa wa njano, unaoyumba na kuacha masizi, gesi haiungui vizuri, na hutoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Hewa hiyo haina rangi, haina harufu, na huua watu wakiwa usingizini. Huingia katika damu na kuchukua nafasi ya oksijeni.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu na kuchanganyikiwa. Mara nyingi hudhaniwa ni malaria au chakula kibaya. Swali la kujiuliza ni hili: je, wote waliolala chumba kimoja au gari moja wameumwa kichwa pamoja, na wakitoka nje wanapata nafuu? Kama ndivyo, toka wote nje, zimeni moto, na nendeni hospitali, hata kama mmejisikia nafuu. Mama mjamzito apelekwe kwanza, maana mtoto aliye tumboni huumia zaidi hata mama akionekana hajambo.

Ndiyo maana madirisha yale yenye mbavu ubavuni mwa gari hayazibwi kwa kitambaa wala gazeti, hata wakati wa baridi kali ya Njombe au Lushoto. Usiku mmoja wa kujikinga baridi kwa namna hiyo unaweza kuiondoa familia nzima. Kisha, gari likitembea, mtungi ufungwe, na kwenye kituo cha mafuta pasiwe na moto wowote wa gesi.

DAWA NA CHAKULA

Friji ya gesi haina haraka. Baada ya kuwaka huchukua saa nyingi kupoa, kwa hiyo iwashwe tangu jana yake, na vitu viingizwe vikiwa tayari baridi. Tena isimame sawasawa. Gari likiinama, amonia hukwama katika mabomba na baridi haipatikani ingawa moto unawaka. Watu wengi hulaumu kiwashio kumbe gari limeegeshwa kwenye mteremko. Weka kikombe cha maji sakafuni mwa friji. Maji yatakuonyesha imeinamia wapi.

Weka kipimajoto ndani. Vyakula vikae nyuzi 5 au chini yake. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, na pale penye joto kali kisizidi saa moja.

Insulini isiwekwe karibu na mapezi ya baridi yaliyo nyuma. Ikiganda imekufa, na ikiyeyuka haifufuki, itupwe. Chupa inayotumika kila siku kwa aina nyingi huweza kukaa nje ya friji takriban siku 28, mradi joto lisizidi nyuzi 30, lakini soma karatasi ya dawa yako. Na kwa sababu chombo chochote huweza kuharibika, mama mwenye kisukari asisafiri akitegemea friji peke yake. Vyungu viwili vya udongo, kimoja ndani ya kingine, na mchanga uliolowanishwa katikati, hupunguza joto vizuri sehemu zenye hewa kavu kama Dodoma na Singida. Sisi hubeba vyungu hivyo hata friji ikiwa nzima.

NENO LA MWISHO

Katika Injili ya Mathayo sura ya 25 tunasoma mfano wa wanawali kumi. Wote kumi walikuwa na taa, na wote walisinzia. Walitofautiana katika jambo moja tu, nalo ni matayarisho yaliyofanywa mapema, kabla ya usiku wa manane. Tunaona kwamba mambo ya nyumba nayo ni hivyo. Kauri yenye ufa haikupasuka siku ya safari. Ilikuwa imepasuka siku nyingi, ikingoja mtu wa kuimulika kwa tochi.

Wala si aibu kwa mama kushika bisibisi. Yule mke mwema wa Mithali sura ya 31 alijua sufu, shamba na biashara. Angekuwa na friji ya gesi angeijua nayo. Na akina baba wasione kwamba wameporwa kazi yao. Mfanye pamoja, mama na baba, mmoja akibonyeza na mwingine akitazama. Kazi yenyewe, kama tulivyoona, inahitaji watu wawili.

Jumamosi hii, kabla ya kupika, tazama jiko lako. Je, moto ni wa samawati? Je, kiwashio kinatoa cheche kwa mbonyezo wa kwanza? Je, mpira wa gesi umepasuka mahali? Paka maji ya sabuni kwenye viungo. Ni kazi ya robo saa. Kisha mwulize jirani yako mwenye kisukari dawa yake anaitunza wapi. Huenda tatizo lake ni dogo, na amekwisha kukata tamaa kimyakimya kwa sababu hakuna aliyelifungua na kulitazama.

Mungu awalinde ninyi na nyumba zenu. Hadi mwezi ujao.